Chumvi ya Mwezi Usioonekana

Hapa Hanle hewa ni ya kupimiwa kijiko.
Wageni wa Delhi hufika midomo imekuwa zambarau,
huketi kwenye ngazi ya darubini, mkono kifuani,
wakiuliza kama kuna mtungi wa oksijeni.
Upo. Uko nyuma ya jenereta, na ni mmoja.

Mimi nimezaliwa huku. Kazi yangu ni kichujio:
kioo cha upana wa kiganja
kinachokataa kila mwanga ila rangi moja,
manjano ya taa za barabarani za zamani.
Rangi ya sodiamu.

Usiku huu mwezi haupo.
Umekwenda kukaa upande wa jua, haujaandama,
na ndio usiku ninaolipwa kwa ajili yake.

Maana mwezi una hewa, ingawa shuleni tuliambiwa hauna.
Unayo kama nyumba iliyohamwa inavyokuwa na watu.
Heliamu huletwa na jua, haingoji hata kukaribishwa kiti.
Agoni ni mtoto wa potasiamu iliyozeekea ndani ya jiwe;
hupenya ufa, usiku ikaganda juu ya vumbi
kama mbuzi waliojikunja kwa baridi,
na kunapokaribia kucha
huinuka yote, mchungaji hajaita.
Sodiamu nayo, mwanga wenyewe huikwangua kwenye mawe.
Kila atomi huruka peke yake, ikaanguka peke yake.
Hazigongani.
Hakuna upepo kule, kwa kuwa upepo ni kusukumana.

Nilipomweleza mama hilo, aliacha kusukasuka chai.
"Kama sisi sasa," akasema.
Akahesabu: Jigmet yuko Leh, anaendesha teksi.
Rinchen, Chandigarh. Yangdol hajapiga simu tangu mavuno.
Bondeni zilikuwa hema saba;
iliyobaki ni moja, na redio isiyoshika kitu.

Baba yake alibebesha kondoo chumvi ya ziwani,
vifuko viwili kila mgongo, mwezi mzima njiani
kwenda kuibadilisha kwa shayiri.
Kondoo mia mbili, wakirambana mifuko,
hata wakifika, mzigo umepungua
na hakuna wa kumlaumu.
"Na huo mwezi wako," akaniuliza,
"chumvi yake inakwenda wapi?"

Inakuja huku, mama.
Jua huisukuma ikawa mkia mrefu,
na siku za giza mkia hutupitia,
dunia ikaukusanya nyuma yake
kama mtu anavyokusanya nywele zake kisogoni.
Hapo pana doa la mwanga, pana kuliko mwezi,
ila hafifu, jicho halina uwezo nalo.

Saa nane za usiku. Betri nimeikumbatia kwapani isife.
Kamera imefungua jicho dakika tano, nami nimesimama,
nikihesabu pumzi zangu zinazoganda kwenye skafu.
Kisha picha: weusi, weusi,
na katikati kitu
kama mvuke wa mdomo kwenye dirisha.
Sikupiga kelele. Nani angesikia?
Niliandika saa, na halijoto, na jina langu, Skarma,
nikaliandika vibaya kwa sababu ya glavu.

Alfajiri nikamwonyesha kwenye simu.
Daktari wa Leh amemkataza chumvi; presha.
Wiki tatu anakunywa chai ya siagi tupu
kwa uso wa mtu anayekunywa maji aliyooshea vyombo.
Aliitazama picha, akaisogeza, akairudisha.
"Hii yote imetupitia sisi?"
Usiku kucha.
"Juu ya paa hili?"
Juu ya paa, juu ya mbuzi,
na juu ya daktari vilevile, amelala.

Akanyamaza.
Akafungua kopo, akachota kwa vidole vitatu, hakunitazama.
"Basi hii," akasema, "haihesabiki."